Tulivyomzoesha Mzee Shikanda Mkanda wa Presha

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri sana kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Kisha mwenye kuongoza sherehe akatangaza kwamba Madam Nafula atasema maneno mawili. Kabla sijafika la pili, pilau ikaletwa, mkaniacha nimesimama na kipaza sauti peke yangu. Sikukasirika. Hata mimi ningechagua pilau. Lakini kuna mambo niliyotaka kuwaambia ninyi mnaobaki na funguo za nyumba ya panya, na kwa kuwa sasa nina saa nzima ukutani, nimekaa niyaandike.

Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu nilivyopanda hakuna aliyeona, hata mimi mwenyewe. Nitaanza na gambuti.

Tangazo la kazi lilisema chuo kinatafuta mtunzaji wa nyumba ya wanyama. Mimi nimezaliwa Musanda, kwa watu wa miwa na ng'ombe wawili watatu. Nikisikia "wanyama" nawaza kukamua na kuosha zizi. Basi siku ya kwanza niliwasili Kakamega mjini nimevaa gambuti, viatu vile virefu vya mpira, nimejifunga leso kiunoni, na mkononi nina ndoo ya maziwa niliyoazimwa na mama. Mlangoni alisimama mzee mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na kingo. Akaniangalia kuanzia chini kwenda juu, bila haraka.

"Umekuja kukata miwa ama kukamua?" akauliza.

"Kukamua, mzee, kama kuna ng'ombe."

"Ingia basi," akasema. "Ukifaulu kukamua hawa, niite nikaone."

Ndivyo nilivyokutana na Mzee Shikanda, na ndivyo nilivyokutana na panya weupe wenye macho mekundu, safu kwa safu ndani ya vizimba, wote wamesimama kwa miguu ya nyuma kunitazama. Nilipiga kelele. Mzee hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea bomba la maji na kuniambia nikanawe mikono hadi kiwiko, maana nilikuwa nimejipaka marashi ya kuanzia kazi na panya walikuwa wanapiga chafya.

Kila nilichokijua kuhusu kazi hii nilikitoa kwa mzee huyo. Alinifundisha kumshika panya mabegani, kiganja kimemkumbatia, na kamwe si kwa ncha ya mkia kama tulivyokuwa tunawabeba wa nyumbani kuwapeleka kutupwa. Alinifundisha kubadilisha maranda ya kulalia kabla hayajanuka, maana yakishanuka umeshachelewa. Alinifundisha kuingia ukiwa unaongea. "Ukiingia kimya," aliniambia, "wanafikirianga wewe ni paka." Yeye aliongea nao Kiluhya asubuhi nzima, habari za mvua na za majirani. Kuwapa panya majina kulikatazwa, kwa hiyo kila panya mkaidi alimwita Shemeji. Kwa kuwa wakaidi walikuwa wengi, hakuna aliyeweza kumshtaki kwamba amempa mmoja wao jina.

Alikuwa na kasoro moja tu, na wote tuliijua. Mzee Shikanda alikuwa anatia chumvi kwa kila kitu. Mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa na karatasi iliyokunjwa yenye chumvi, na aliifungua kwa ugali, kwa mapera, kwa ndizi mbivu, kwa mkate. Nilimwona akionja chai, akafikiri kidogo, akaifungua tena. Ukimsema alikuwa na jibu tayari. "Mtu akizeeka watu wanasemanga nini? Si wanasema amekula chumvi nyingi? Umesikia mahali mtu amesifiwa kwa kukula sukari?"

Mambo yakakaa hivyo miaka mingi, mpaka alipokuja Dakta Makokha.

Dakta alikuwa kijana wa Matungu aliyerudi kutoka masomoni na miwani mikubwa na adabu nyingi. Utafiti wake ulihusu chumvi na presha. Alileta panya wa aina mbili, waliosafiri kwa karatasi nyingi kuliko abiria. Aina ya kwanza, wakilishwa chumvi nyingi, presha yao inapanda na figo zinaharibika. Aina ya pili wanakula chumvi ile ile na hawana habari. Mzee Shikanda akawabatiza papo hapo: hawa Wa Kuvimba, na wale Wa Chuma.

Kwa nini huyu avimbe na yule asivimbe? Dakta alitueleza tukiwa tumekalia magunia ya chakula. Ndani ya mwili, alisema, oksijeni tunayovuta huzaa chembe kali, na kwa kawaida mwili una njia za kuzizima. Panya Wa Kuvimba akila chumvi, chembe hizo huzidi kwenye figo na kwenye mishipa, na mwili unashindwa kuzizima. Zinaila figo. Figo iliyoliwa inashindwa kutoa chumvi, presha inapanda, na presha ikipanda chembe zinazidi tena.

"Ni kutu," akasema Mzee Shikanda. "Jembe ukiliacha kwa mvua."

"Karibu hivyo, Mzee," Dakta akasema. "Sasa nataka kuona kama tsisaka inaweza kupunguza hiyo kutu."

Tsisaka ni ile mboga yetu chungu, ya majani madogo, ambayo Wakenya wengine huiita saga. Dakta aliikausha, akailoweka, akaikamua maji yake, akayachanganya na chakula cha baadhi ya Wa Kuvimba waliokuwa wanalishwa chumvi. Wengine walipata chumvi bila tsisaka, na wengine chakula cha kawaida. Kazi yetu mimi na Mzee ilikuwa kuwalisha bila kukosea na kuwapima presha.

Panya hupimwa presha mkiani, na mnajua haichekeshi ukiwa wewe ndiye unayepima. Unamwingiza kwenye mrija wa plastiki, pua mbele, mkia umebaki nje nyuma. Unampa joto kidogo ili damu ishuke mkiani. Unamvisha mkanda mwembamba kama pete, unajaza hewa, unasubiri. Panya akiogopa, kipimo kinapanda juu bila sababu. Ndiyo maana lazima umzoeshe kwanza. Siku ya kwanza unamwingiza na kumtoa tu. Siku zinazofuata unamvisha mkanda bila hewa, huku unambembeleza. Katika hilo Mzee Shikanda alikuwa fundi. Aliinama mpaka sharubu zake zikagusa mrija, akanong'ona, "Tulia, Shemeji. Tulia. Hakuna mtu anakukula hapa." Na Shemeji akatulia.

Tulikuwa tunapima Jumamosi, wakati wanafunzi hawapo na kuna kimya. Jumamosi moja vipimo vyote vikaruka. Wa Kuvimba walipanda, Wa Chuma walipanda, na hata waliokula chakula cha kawaida walipanda kama waliotumbukia kwenye gunia la chumvi. Dakta aliketi chini sakafuni na koti lake jeupe.

"Chakula kimechanganywa," akasema kwa sauti ndogo. "Nitalazimika kuanza upya. Na kuanza upya siwezi, mradi utakuwa umeisha."

Mimi na Mzee tuliangalia mapipa ya chakula moja moja. Hakuna kilichochanganywa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumemwingiza panya wa kwanza mrijani, nikasikia kwa mbali: du-du-du-du, na baragumu juu yake. Isukuti, ngoma zetu za sherehe. Sauti ikakua hadi dirisha likatetemeka. Nilichungulia nje. Fahali mweusi mwenye pembe zilizochongwa alikuwa anapelekwa kupigana, na nyuma yake kijiji kizima kinaruka, kinapuliza, kinapiga ngoma, na wanapita sentimita chache kutoka ukuta wa panya wetu. Ndani, panya wote walikuwa wamejirundika kwenye kona moja.

Dakta alitoka mbio na miwani yake. Nikamfuata. Akasimama mbele ya fahali, mikono juu, jambo ambalo mtu wa Matungu aliyesoma sana ndiye peke yake anaweza kulifanya. Ngoma zikanyamaza kwa mshangao.

"Tafadhali," Dakta akasema, "tunaomba mpite polepole. Tuna wagonjwa wa presha ndani."

Mwenye fahali, mzee mrefu aliyevaa ngozi ya tumbili kichwani, akavua kofia hiyo. "Pole sana, daktari. Ni watu wetu?"

Dakta hakuwa na mazoea ya kudanganya. "Ni panya," akasema.

Hata fahali alionekana kufikiri.

"Panya iko na presha?"

"Ndiyo, baba. Ya chumvi."

Nilitarajia tupigwe. Badala yake mwenye fahali akageukia watu wake na kuweka kidole mdomoni. Hadi leo sijaona kitu kama kile. Kundi lote la wanaume, wengine wamejipaka udongo usoni, walipita chini ya dirisha letu kwa ncha za vidole, ngoma wamezikumbatia kama watoto waliolala, na fahali katikati yao anatembea kwa heshima. Alilia mara moja tu, chini ya dirisha lenyewe, na watu wote wakamwambia, "Shh!"

Tukahamishia vipimo Jumatano, na namba zikarudi mahali pake. Lakini habari ilishafika sokoni. Jumatatu asubuhi tulikuta watu langoni. Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga akasema kwa niaba ya wote: "Tumesikia mnapima panya presha. Sisi je? Ama mpaka mtu awe na mkia?"

Dakta aliona haya. Wiki hiyo hiyo akaazima mashine ya kupima watu, akaweka meza langoni pamoja na muuguzi wa chuo, na kila aliyetaka alipimwa. Waliokutwa juu walitumwa hospitali. Mwenye fahali alipimwa na akawa sawa kabisa, akaenda akijigamba. Muuguzi mwenyewe alipimwa. Mimi nilipimwa. Mmoja tu alikataa.

"Mimi nikipimwa ni kwa nini?" Mzee Shikanda akasema. "Mimi ni Wa Chuma. Nakulanga chumvi tangu ninyonye."

Nilimsihi, akaenda kubadilisha maranda. Na ilikuwa akiwa na gunia la maranda begani, mbele yangu, alipoketi ghafla sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. Pua ilitoa damu. Alisema kichwa kinagonga kama isukuti. Nilimshika mabegani, kiganja kimemkumbatia, na nilipotambua namshika kama alivyonifundisha kumshika panya, nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Tulimkimbiza zahanati. Muuguzi wa pale alimfunga mkanda, akajaza hewa, akatazama, akajaza tena. "Mzee, presha yako iko juu sana."

Mzee Shikanda, mwenye pamba puani, akamwangalia kwa huruma. "Sista, umenizoesha?"

"Kukuzoesha nini?"

"Mkanda. Panya inazoeshwanga siku kadhaa kabla ya kupimwa. Mimi umenikamata tu, ukaniminya. Hicho kipimo ni cha kutupa."

Muuguzi alinitazama mimi. Nilitazama dari. Mzee alipewa vidonge, akaviweka kwenye mfuko wa koti, ule wenye chumvi, na akatangaza hatameza kitu kwa kipimo kilichochukuliwa bila utaratibu.

Msifikirie nilikuwa nacheka. Niliporudi nilimwambia ukweli wangu pale stoo, nikiwa nimesimama mlangoni asitoke. "Mzee, mimi ulinipokea na ndoo ya maziwa. Kama ni kufa ufe, lakini usife kwa ubishi, maana mimi sina mwalimu mwingine."

"Basi mnizoeshe," akasema.

Na kwa kweli, tulimzoesha. Dakta alikubali bila kutabasamu, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Tuliweka kiti stoo, karibu na dirisha linaloingiza jua, ili mkono upate joto. Siku ya kwanza Mzee aliketi tu, akasimama, akaenda zake. Siku iliyofuata alivaa mkanda bila hewa, akakaa nao akitazama nje. Mimi nilipewa kazi ya kubembeleza. Sikujua maneno mengine ila yake, nikainama nikanong'ona, "Tulia, Shemeji. Tulia. Hakuna mtu anakukula hapa."

Akafungua jicho moja. "Shemeji ni wale wakaidi."

"Ndiyo, Mzee."

Akafunga jicho.

Siku ya kupima, Dakta alijaza hewa taratibu. Nje palikuwa na kimya kitupu. Kipimo kikatoka juu. Tukasubiri, tukapima tena: juu. Tukapima kesho yake: juu. Mzee aliomba aone mwenyewe ile namba, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hakuna fahali imepita?" akauliza.

"Hakuna, Mzee."

"Lakini mimi ni Wa Chuma."

"Mzee," Dakta akasema, "Wa Chuma hawapandi. Hiyo ndiyo maana ya kuwa wa chuma."

Jibu hilo lilimwingia, niliona, lakini halikufika chini kabisa. Vidonge alianza kumeza kwa heshima ya Dakta. Karatasi ya chumvi ilibaki mfukoni. Alinieleza kwamba ameipunguza, sasa chai anainywa bila.

Utafiti ukafika mwisho, na mwisho wa kazi yetu mnaujua. Panya walilazwa kwa dawa, wakalala, hawakuamka. Siku hiyo hakuna anayetania kwenye nyumba ya panya, na wewe mgeni ukitania utatolewa nje. Mzee aliwabeba mmoja mmoja mwenyewe, akiongea nao Kiluhya mpaka mwisho. Baadaye Dakta alitoa figo na kuzipanga kwenye sahani, akatuita.

Figo ya aliyekula chakula cha kawaida ilikuwa laini, inang'aa kama haragwe lililolowekwa. Ya Wa Kuvimba aliyekula chumvi ilikuwa imepauka, ina vijichunusi, kama ganda la chungwa lililokaukia juani. Ya aliyekula chumvi pamoja na tsisaka ilikuwa katikati, haikupona lakini haikuliwa sana. Dakta alifurahi kwa namna yake, akasafisha miwani mara nyingi. Kisha akatuonya kwa ukali: hawa ni panya, si watu, na mtu asiende sokoni kusema chochote. Tulinyamaza wote. Hata hivyo kufikia Ijumaa yule mama wa kikapu alikuwa anauza saga kwa kuita, "Ya kutoa kutu! Ya kutoa kutu!"

Mzee hakwenda sokoni. Alibaki ameinamia ile sahani. Alinyoosha kidole chenye glavu kuelekea figo iliyopauka.

"Huyu alikuwa nani?"

Nilitazama alama. "Yule aliyekuwa anakutafuna mkono wa koti."

"Na alikuwa anaonekana mzima."

"Alikuwa mzima kabisa, Mzee. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anakimbia."

Mzee Shikanda alivua glavu moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile karatasi, akatembea mpaka kwenye sinki, akaifungua na kuitikisa. Maji yaliachwa yakimwagika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dakta alijifanya anatafuta kalamu.

Presha yake ilishuka, si mara moja, ila ilishuka, kwa vidonge na kwa kuacha chumvi. Alimaliza miaka yake ya kazi kwa miguu yake mwenyewe, na yuko nyumbani kwake hadi leo.

Baada ya miezi kadhaa alitualika Jumapili, mimi na Dakta, kula chakula cha mchana. Mkewe, Mama Jentrix, ni mwanamke mkubwa asiye na maneno ya kupoteza. Alipakua ugali wa wimbi na ingokho, kuku wa kienyeji, akaketi mbele yetu, akakunja mikono.

"Nyinyi watu wa panya," akasema, "mmeniharibia nyumba."

Dakta akaacha kutafuna. "Tumefanya nini, mama?"

"Huyu mzee nimempikia tangu tuoane, na siku moja hajasema kitu. Anaweka chumvi, anakula, anaenda. Nilikuwa najiambia nimepata bwana asiye na maneno. Kumbe ulimi ulikuwa umelala! Sasa umeamka. Eti mboga imeungua. Eti ugali una mabonge. Eti kuku ni mzee. Anasikia kila kitu! Miaka yote hiyo alikuwa hajui mimi sijui kupika."

Mzee Shikanda alimeza alichokuwa nacho mdomoni. "Na kweli kuku ni mzee," akasema.

Nikamwuliza Mama Jentrix kama anataka tumrudishie chumvi yake. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta mfupa mwingine wa kulalamikia. Akachukua mwiko, akachimba chini ya sufuria mpaka akaipata firigisi, kipande cha heshima cha mwenye nyumba, akamwekea kwenye sahani.

"Wacha alalamike," akasema.